Wasifu wa Daktari wa Chumba Namba Tatu, Ambaye Hakumaliza Tofauti

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka kazini mkaja na ovaroli zenu: kabla ya yote, familia inaomba radhi kwa jua.

Mahema yalikuwepo. Juzi Alhamisi, saa tano asubuhi, lilifika lori likiwa na mahema mawili makubwa, viti mia tatu vyenye mito, na bahasha. Vyote vilitoka kwa kampuni inayotaka kuwasha upya matanuri ya betri nyuma ya reli. Ndani ya bahasha mlikuwa na salamu za pole, na sentensi moja ambayo kampuni iliomba isomwe katika wasifu huu: kwamba marehemu, kabla ya kufariki, "alikuwa amemaliza tofauti zake na mwekezaji." Binti yake, ambaye ndiye anayesoma, aliisoma mara mbili, akampa baba yake. Baba yake aliisoma mara moja. Kisha akamwambia dereva, kwa adabu zote, "Mwanangu, geuza lori." Dereva akauliza, na viti je? "Na viti."

Kwa hiyo mkiona jasho linawatiririka, msiilaumu kamati ya mazishi. Marehemu angecheka mpaka ashike mbavu. Wenye miavuli wawasitiri wasio nayo, na tuanze.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1955, ng'ambo ya mpaka, katika mji mdogo ulio mwendo wa siku mbili kwa lori kutoka hapa tulipo. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba kinyozi na mama mfuma mikeka. Kibanda cha kinyozi ndicho kilichomlea. Tangu akiwa na miaka sita kazi yake ilikuwa kufagia nywele, na ujira wake ulikuwa ruhusa ya kuuliza maswali. Kovu hili ulilipata wapi? Mbona wewe unakohoa kila ukija, na yule unayekaa naye hakohoi? Wateja walinung'unika. Baba yake aliwaambia, "Anayetaka kimya akanyolewe kwingine." Basi akakua akijua kuuliza si utovu wa adabu. Wakubwa kadhaa wa nchi hii walijaribu baadaye kumsahaulisha somo hilo, wakanawa mikono.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962 na kuingia sekondari ya bweni mwaka 1970. Huko alipewa adhabu ya kupalilia bustani mara nyingi kuliko mwanafunzi mwingine yeyote, kisa na mkasa ni kwamba alimwambia mwalimu wa sayansi, mbele ya darasa zima, kuwa jibu la ubaoni si sahihi. Kweli halikuwa sahihi. Alipalilia hata hivyo, tena akiimba kwa sauti, ili mwalimu akiwa ofisini asikie kwamba hajutii. Mwaka 1975 aliingia chuo cha udaktari, na tarehe 5 Desemba 1981 alifuzu, mmoja wa wanawake wanne katika darasa la watu sitini.

Nchi yake ilipoharibika, alivuka mpaka tarehe 22 Februari 1986 akiwa na begi moja, na cheti chake alichokitia katika mfuko wa plastiki na kukishonea ndani ya pindo la koti. Afisa wa mpakani alimuuliza ana mali gani ya kutangaza. Akajibu, "Nina kazi." Kazi yenyewe hakupewa. Aliambiwa cheti cha kigeni hakitambuliki mpaka kamati ikae, na kamati, jamani, ilichukua miaka mitatu kukaa. Miaka hiyo yote daktari kamili alipima uzito wa watoto wachanga na kupiga deki sakafu za zahanati ya manispaa. Wauguzi wakikwama walimvuta pembeni, ndoo ingali mkononi: "Dada, hebu mwangalie huyu." Anamwangalia, anasema ni nini, anarudi kwenye deki yake. Wakubwa walijua wakajifanya hawajui.

Kamati ilikaa tarehe 3 Mei 1989. Mjumbe mmoja alimuuliza kwa nini umma umwamini mtu asiyejulikana katokea wapi. Marehemu hakupepesa macho. "Nilikotokea mnakujua. Nimetokea hapo kwenye korido, nilikuwa napiga deki mlango wenu." Akapewa leseni. Wapo waliosema alipewa kwa huruma. Yeye alisema alipewa kwa sababu ni yake, na mjadala ukafungwa.

Alipangiwa chumba namba tatu. Wengi wenu mnakikumbuka: meza iliyotiwa kadi chini ya mguu mmoja isiyumbe, kitanda chenye mpasuko uliobandikwa plasta, dirisha linaloitazama foleni. Humo alitibu familia nzima nzima. Alimjua bibi kwa presha yake, binti kwa uchungu wake wa uzazi, mjukuu kwa vidonda vyake vya magoti. Kwa sababu ya matamshi yake watu walimwita Daktari Mgeni, na walipomzoea wakaondoa Daktari wakabakiza Mgeni. Miaka thelathini na minane, bado Mgeni! Naye aliitika tu, tena kwa madaha.

Mwaka 1990 mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi ya jirani alianza kuumwa. Wiki ya kwanza ilikuwa kichwa, ya pili mgongo, ya tatu akadai ni moyo. Ni lazima hapa tueleze jinsi zahanati ile ilivyofanya kazi, maana mambo yote yajayo yanatoka humo. Zahanati haikuwa na mafaili. Kila mgonjwa alikuja na daftari lake jembamba, daktari akaandika humo, na mgonjwa akarudi nalo nyumbani. Marehemu alimpima Mwalimu moyo, akaandika katika daftari lake: "Mzima. Asirudi." Jumatatu karudi. Akaandika: "Mzima. Nimeshasema." Mara ya tano aliandika: "Aje Jumapili, saa kumi alasiri, nje ya geti." Daftari hilo Mwalimu analo mfukoni sasa hivi. Msimwombe awaonyeshe, atalia.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Septemba 1991, wakajaliwa binti mwaka 1992 na mtoto wa kiume mwaka 1995. Mama mkwe, aliyekuwa ameapa kwamba mwanawe hataoa mtu wa kuja, alitibiwa presha na mkwewe huyo kwa miaka kumi na sita, na hakutaka kuguswa na daktari mwingine.

Sasa tumefika mahali ambapo kampuni ingependa tupite haraka haraka. Hatuna haraka.

Mwaka 1994 matanuri ya kuyeyusha betri kuukuu za magari yaliwashwa nyuma ya reli, ili kutoa madini ya risasi yaliyomo ndani. Mwaka huo huo mama mmoja fundi cherehani, ambaye nyumba yake inapakana na ukuta wa matanuri na ambaye mtaa mzima humwita Fundi, alianza kumleta zahanati mwanawe wa kike. Mtoto alikuwa na alama nyeusi kidevuni, ndiyo maana wakamwita Kidoti. Tumbo linamuuma. Hapati choo. Amepauka. Marehemu alimpenda mtoto yule, na alimtibu kwa moyo wake wote: dawa ya minyoo, vidonge vya kuongeza damu, arudi baada ya wiki mbili. Alirudi. Foleni ilikuwa ya watu sitini kwa siku, na daktari mwenye watu sitini hafungui daftari nyuma. Anafungua ukurasa mpya, anaandika, anaita anayefuata.

Kidoti alipatwa na degedege Ijumaa tarehe 24 Julai 1998, akafariki akiwa njiani kupelekwa hospitali kubwa. Alikuwa na miaka sita.

Jumatano tarehe 12 Agosti, Fundi alipanga foleni kama watu wengine. Namba yake ilikuwa kumi na saba. Alipoingia hakuketi. Aliweka mezani furushi la madaftari saba yaliyofungwa kwa utepe wa kitambaa.

"Fundi, pole," marehemu alisema. "Nimesikia. Pole sana, mama."

"Nimekwisha kupoa. Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Hayo. Mimi shule yangu iliishia njiani. Lakini kazi yangu ni kutazama mishono, na hapo naona mkono mmoja tu. Wako. Nisomee ulichokuwa unaniandikia."

Marehemu akafungua daftari la kwanza, akasoma. Maumivu ya tumbo, damu pungufu, dawa ya minyoo. Akasoma la pili. Maumivu ya tumbo, damu pungufu, dawa ya minyoo. Nje watu walianza kugonga dirisha, mbona huyo hatoki? Kufika la nne akalifunga.

"Endelea," Fundi akasema. "Mimi sina pa kwenda."

Aliendelea hadi la saba. Ilikuwa mara thelathini na moja, maneno yale yale, mwandiko ule ule mzuri uliosifiwa na kila mtu. Fundi alikuwa akihesabu kwa vidole, na alipomaliza alisema: "Mimi gauni likinipasukia mahali pale pale mara tatu, siendelei kushona. Nakiangalia kitambaa. Wewe mwenzangu, kitambaa hukukiangalia?"

Marehemu alichukua kalamu na katika ukurasa wa mwisho wa daftari la saba, chini ya matibabu yake ya mwisho, akaandika: "Nilikosea. Sikuuliza mtoto huyu anacheza wapi." Akatia saini na tarehe, akausoma ukurasa ule kwa sauti, akarudisha madaftari. Fundi aliyafunga kwa utepe wake akaondoka, na kwa miaka miwili hakumsalimu, wakikutana njiani anavuka upande wa pili.

Jioni ya siku hiyo marehemu alikwenda kwa miguu mpaka nyuma ya reli, mahali ambapo kwa miaka tisa ya kutibu watu wa pale hakuwahi kukanyaga. Akaona uwanja wa majivu ambao watoto waliteleza juu yake kama uwanja wa mchezo. Akaona makasha ya betri yamegeuzwa vigoda, vyungu vya maua na ua wa kuku. Akapitisha kidole kwenye dirisha la Fundi, kikatoka cha kijivu. Wanaume walikuwa wakirudi kutoka kwenye matanuri na mashati yao, na mashati yakifuliwa katika beseni moja na nguo za watoto. Alirudi nyumbani akamkalisha binti yake kibarazani, binti aliyekuwa na miaka sita kama Kidoti, akamkagua kucha moja moja. Binti huyo ndiye anayesoma, na hajaisahau jioni ile.

Mwezi Januari mwaka 1999 aliacha chumba namba tatu. Akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu alirudi darasani kusomea afya ya jamii, mkubwa kuliko wanafunzi wenzake wote na kuliko walimu wake wawili. Loo, maneno aliyoyasikia! Mama mkwe alishika kichwa: "Nimeozesha mwanangu kwa daktari, leo naambiwa mkwe wangu anahesabu vyoo!" Madaktari wenzake walimwonea huruma kama mtu aliyeshushwa cheo. Wagonjwa wake walimfuata mpaka nyumbani kumlilia, unatuacha na nani? Aliwajibu, "Siwaachi. Nimechoka kuwangojea muumwe ndipo niwaone."

Alianza kazi katika ofisi ya afya ya manispaa tarehe 2 Oktoba 2000. Alipewa chumba kilichokuwa stoo ya mabomba, meza bila kiti. Akaleta kiti kutoka nyumbani. Wiki ya pili mlango ulifunguliwa, akaingia Fundi na futi yake ya kupimia shingoni. Hakusalimu. "Simama nikupime," alisema. "Nimekuona unazunguka na chupa za mchanga kwenye mfuko wa sokoni kama mwizi wa viazi." Siku nne baadaye alimletea koti la kaki lenye mifuko sita, kila mfuko saizi ya chupa moja. Ndivyo walivyopatana, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakilizungumzia. Koti hilo ndilo alilolivaa Fundi leo, na jua lote hili.

Marehemu alichota udongo, vumbi la madirishani, majivu. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza lile swali alilolikosa: mtoto anacheza wapi? Mwaka 2001 alipima damu za watoto mia moja na arobaini wa nyuma ya reli, na mia moja na kumi na wanane walikutwa na sumu ya risasi. Alipeleka majibu kwa wakubwa wake. Wakamwambia asubiri. Akasubiri wiki mbili, kisha akayabandika ukutani nje ya zahanati, bila majina ya watoto, lakini kwa majina ya vichochoro.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwaka 2002 kibali chake cha kuishi nchini hakikuongezwa muda. Miaka kumi na sita hapa, mume wa hapa, watoto wa hapa, na karani anamwambia faili lake "linashughulikiwa." Siku kumi na moja mfululizo alifika ofisi ile saa mbili asubuhi na kukaa benchi la mbele mpaka wanafunga. Siku ya nne alianza kuwapima presha waliokuwa wakisubiri naye. Siku ya tisa makarani nao wakawa wamejipanga. Siku ya kumi na moja mkuu wa ofisi alitoka mwenyewe na muhuri mkononi, akamwomba, tafadhali mama, nenda nyumbani.

Katika mkutano wa wafanyakazi wa matanuri kulikuwa na baba mmoja mwenye hasira aliyesimama akamwambia kweupe, "Rudi kwenu! Unataka tufe njaa?" Marehemu akamjibu, "Mwanao wa pili anaitwaje?" Yule baba akataja. "Alianza kutembea kisha akaacha, si ndiyo? Nilimtibu mimi, nikakosea. Siondoki mpaka nirekebishe. Ukishaniona nimerekebisha, nifungashie mizigo mwenyewe." Yule baba aliketi. Leo ni mmoja wa waliobeba jeneza.

Matanuri yalizimwa Jumatatu tarehe 17 Machi 2003. Miaka iliyofuata alisimamia uwanja wa shule ukwanguliwe udongo wote na kutiwa mpya, na tangu mwaka 2005 zahanati hubaki na nakala ya kila kinachoandikwa kwenye daftari la mgonjwa. Alistaafu mwaka 2015. Maua aliyopewa aliyapeleka wodi ya watoto, saa ya ukutani akampa Fundi, na asubuhi iliyofuata akaenda kazini kama kawaida kwa sababu, alisema, alikuwa amesahau kitu. Kile kitu alikitafuta miezi mitatu.

Mwaka jana, mwezi Aprili, kampuni iliomba kuyawasha tena matanuri, kwa jina jipya na rangi mpya getini. Katika maombi yake imeandika kwamba hakuna kumbukumbu yoyote ya ugonjwa katika mtaa huu kabla ya mwaka 2003, isipokuwa madai ya mtumishi mmoja wa kigeni. Faili la damu za mwaka 2001 limetafutwa ofisini na halionekani. Tuseme hivyo tu, halionekani.

Marehemu hakupiga kelele. Alivaa viatu vyake vya kutembelea, akaomba koti lake lifuliwe, akaanza kugonga milango akiwa na miaka sitini na saba. "Habari za hapa. Lile daftari la zamani la mtoto, unalo?" Mlimcheka kidogo, msikatae, alituambia. Mlipekua chini ya magodoro, ndani ya mabegi ya vyeti, nyuma ya makabati. Ugonjwa ulipomwangusha alikuwa amekusanya madaftari mia mbili na kumi na mawili, yote yenye mwandiko wake. Tumbo, damu pungufu, minyoo. Aliyapanga mwenyewe, kosa kwa kosa, kwa tarehe. Binti yake alimuuliza kama haoni vibaya kujianika hivyo mbele za watu. Akasema, "Nikiificha aibu yangu, wataitumia wao kama kifuniko."

Novemba iliyopita aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Daktari aliyempa habari, kijana aliyechanjwa na marehemu utotoni, alimwambia ana kama miezi sita. Marehemu hakuuliza kuhusu maumivu wala dawa. Aliuliza, "Kikao cha wananchi ni lini?" Kikao hicho, cha kuwasikiliza wananchi kuhusu maombi ya kampuni, kilipangwa Jumatatu tarehe 20 Mei, na barua ikaja ikimtaja kuwa msemaji namba moja. Aliibandika ukutani mkabala na kitanda, akawa anakula kwa kuitazama barua ile, kijiko kimoja kimoja, chakula kisichokuwa na ladha yoyote kinywani mwake.

Na hiki ndicho kisa cha ile sentensi ya bahasha. Alhamisi tarehe 9 Mei meneja wa kampuni alikuja wodini na kapu la matunda. Alikaa dakika kumi. Muuguzi wa zamu alikuwepo na yuko hapa leo. Meneja alisema angependa waagane vizuri. Marehemu akamwambia, "Vizuri sana. Nisomee," akampa daftari la saba la Kidoti, ambalo Fundi alikuwa amemwachia. Meneja alisoma mistari mitatu. Alipofika kwenye neno "nilikosea," uso ukamchangamka, akasema, "Kumbe wewe mwenyewe unakiri." Marehemu akamjibu, "Ndiyo. Mimi nimeandika langu na nikatia saini. Kalamu hii hapa, nafasi imebaki. Andika lako." Meneja alitazama saa akasema ana mkutano. Kama hayo ndiyo kumaliza tofauti, basi zimemalizwa. Matunda waliyala wagonjwa wa kitanda cha pili na cha tatu, wakayasifu.

Siku nne baadaye, sauti ikiwa imebaki kidogo sana, alimwambia binti yake, "Wakiita namba moja, mtu asimame." Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkono wake mmoja ukiwa kwa Mwalimu na mwingine kwa Fundi. Alipungukiwa na siku sita. Inauma. Tusidanganyane hapa kwamba haiumi, mama huyu aliipigania Jumatatu ile kwa kila tonge, na hakuifikia.

Ameacha mume, Mwalimu. Ameacha binti na mtoto wa kiume, kaka mmoja ng'ambo ya mpaka, na mjukuu mmoja wa miaka mitano ambaye darasa lake liko mita mia mbili na arobaini kutoka kwenye matanuri. Bibi yake alipima mwenyewe kwa hatua. Ameacha dada asiyezaliwa naye, Fundi. Na amewaacha wagonjwa wa chumba namba tatu, ambao hatuwezi kuwataja, kwa kuwa ndio ninyi mnaochomwa na jua hapa.

Jumatano katibu wa kikao alipiga simu kutoa pole, na kuarifu kwamba kwa kuwa msemaji namba moja amefariki, jina lake litarukwa waanze na namba mbili, ambaye ni kampuni. Binti yake alimjibu kwamba lisirukwe. Liitwe. Atasimama Fundi, na madaftari saba, na safari hii yeye ndiye atakayesoma, maana kwa miaka hii yote marehemu alimfundisha kusoma mezani pake, saa ya chakula cha mchana, kwa mwandiko huo huo. Nyuma yake yatafuata yale mia mbili na kumi na mawili.

Lakini marehemu alitibu watu sitini kwa siku kwa miaka tisa. Mia mbili na kumi na mawili si kitu. Mengine yako majumbani mwenu, chini ya godoro, ndani ya begi la vyeti, na ndani yake yumo yeye, kwa mkono wake, akikosea na kutia tarehe. Hakuna wa kulipoteza faili hilo, kwa sababu halikukaa ofisini hata siku moja. Kapekueni leo. Mwalimu ameuliza kama na lake linahesabika, lile la "Mzima. Asirudi." Tumemwambia alilete.

Tunamshusha sasa. Alale salama mama yetu, Mgeni wetu, amechoka na ana haki ya kuchoka. Sisi tukutane Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, ukumbi wa shule ya msingi. Wakiita namba moja, tusimame wote.